Boran na Nyama ya Idi

Gülizar: Haloo? Ni nani?

Tuncay: Mama, ni mimi.

Gülizar: Mimi nani? Mimi wako wengi.

Tuncay: Tuncay, mama. Mwanao.

Gülizar: Tuncay yupi? Nilikuwa naye mmoja, akaenda Ujerumani, kiwanda kikammeza.

Tuncay: (anacheka) Ndiye huyo huyo. Leo Jumapili, kiwanda kimenitema. Naibusu mikono yako, mama.

Gülizar: Nami nayabusu macho yako, mwanakondoo wangu. Ngoja— unakwaruza. Usikate! Napanda juu ya paa la zizi, huko ndiko—

Tuncay: Mama, na hayo magoti yako—

Gülizar: —ndiko simu inakoshika vizuri. Nyamaza, nimeshaanza ngazi. (anahema) Haya. Nimefika. Sasa nakusikia kama uko hapo kisimani.

Tuncay: Nani huyo analia?

Gülizar: Nani analia? Hakuna anayelia. Ni Boran, yuko chini ya ngazi na mkia wake. Hapendi nikimwacha.

Tuncay: Si apande basi? Ile mara ya mwisho alikufuata mpaka huko juu, Defne akamwona kwenye video akacheka mpaka akapaliwa.

Gülizar: Leo amechoka. Jua kali. Habari za mkwe wangu Songül? Na mjukuu wangu?

Tuncay: Wazima wote. Songül yuko kazini. Defne ameenda kuogelea na wenzake.

Gülizar: Kuogelea tena? Huyo mtoto ataota magamba. Mpe simu akirudi, nataka nisikie sauti yake.

Tuncay: Nitampa. Kijijini vipi?

Gülizar: Kijijini kumejaa! Wajerumani wetu wote, wenzako wa huko, wamerudi. Kila ukitupa jicho ni gari la namba za huko, na kijana ndani yake kavaa miwani utadhani kipofu. Cemal wa Hatice kafika juzi na watoto wake watatu. Makelele, kuku wangu wamegoma kutaga. Na Hatice mwenyewe sasa! Anatembea kijiji kizima kama aliyechaguliwa mbunge.

Tuncay: (anacheka) Mwache afurahi, mama.

Gülizar: Namwacha. Lakini kila tukikutana, "Eti Gülizar, wako wanafika lini?" Namwambia wako njiani.

Tuncay: Njiani?

Gülizar: Mtu akishakata tiketi si yuko njiani? Mmeshakata?

Tuncay: Mama, huyo Boran anakula nini siku hizi?

Gülizar: Nimekuuliza tiketi, unaniuliza mbwa.

Tuncay: Defne ndiye anauliza. Kila siku Boran, Boran.

Gülizar: Kweli? Anamtaja?

Tuncay: Ee... anamtaja.

Gülizar: Ah, mtoto wa watu. Basi mwambie anakula kuliko marehemu babu yake. Asubuhi mayai na maziwa. Halafu mkate na mtindi. Mchana nyama. Jioni tunakula wote, ninachokula mimi anakula yeye. Na akiniangalia kabla ya kulala, namwongeza kidogo.

Tuncay: Nyama kila siku, mama? Nyama gani hiyo?

Gülizar: Ya Idi.

Tuncay: Nyama ya kuchinja unampa mbwa?

Gülizar: Na nani aile? Wewe?

Tuncay: Sikusema hivyo—

Gülizar: Mwaka huu wamechinja karibu wote. Na desturi yetu unaijua, fungu la kwanza ni la nyumba ya mjane. Hawajanawa hata damu mikononi, washabisha hodi. Huyu paja, huyu mbavu, huyu mafuta ya mkia. Jokofu likakataa kufungwa. Nikakaanga, nikatia kwenye mitungi na mafuta yake, nayo ikajaa. Mimi nakula kipande cha ukubwa wa kidole, nimeshiba.

Tuncay: Ungewarudishia.

Gülizar: Fungu la Idi unalirudisha? Wewe umekaa Ujerumani mpaka umesahau adabu. Kulirudisha ni tusi, kulitupa ni dhambi. Nikampa mwenye njaa. Boran naye kiumbe wa Mungu.

Tuncay: Imamu akisikia—

Gülizar: Imamu aje ale yeye!

Tuncay: (anacheka) Haya, haya. Na Hıdır anasemaje? Si yeye mchungaji, si yeye aliyekupa huyo mbwa?

Gülizar: Hıdır yuko malishoni juu na kondoo. Alipita kabla hajapanda. Mdomo wake huo! Anasema, "Gülizar, mimi nilikupa mbwa wa kukamata mbwa mwitu, wewe unalea mwenye duka, kitambi tu." Ati ndugu yake Boran, wa tumbo moja, anakula uji wa shayiri na maji ya jibini, basi, tena kwa kipimo. Nimemwona mwenyewe. Mwembamba kama mbuzi wa njaa. Mbavu unazihesabu.

Tuncay: Lakini anakimbia?

Gülizar: (mtandao unakwaruza)

Tuncay: Mama? Huyo ndugu yake, anakimbia?

Gülizar: Anakimbia. Anapanda mlima na kushuka, anapanda na kushuka, kama hana kazi.

Tuncay: Na Boran?

Gülizar: Boran ni mkubwa mara mbili yake. Ukimwona utaogopa. Kichwa hiki hapa! Nimempima kwa ile mizani ya sufu, kamba ikalia kwi! Mwambie Defne. Mwambie bibi anasema amekuwa ndama kweli.

Tuncay: Mama, hebu nikuulize kitu.

Gülizar: Uliza.

Tuncay: Mbona kila picha unayotuma amelala?

Gülizar: Mbwa halali?

Tuncay: Analala. Lakini kila picha? Mlangoni amelala. Kwenye nyasi amelala. Ile ya juzi umemshikia kichwa, naye amelala.

Gülizar: Mimi si mpiga picha. Nampiga alivyo.

Tuncay: Haya, shuka sasa hivi mpige amesimama.

Gülizar: Nimepanda kwa taabu, nishuke tena? We mtoto huna huruma na—

Tuncay: Mama. Ana nini?

Gülizar: Miguu.

Tuncay: Miguu imefanyaje?

Gülizar: Ya mbele. Imepinda. Imeangalia nje, huu huku na huu huku, kama mlango uliotoka bawaba. Na vifundo vimevimba. Asubuhi akiamka anachechemea mpaka apate moto. Sikutaka Defne ajue. Nilisema itanyooka yenyewe kabla hamjafika.

Tuncay: Umempeleka kwa daktari wa mifugo?

Gülizar: Daktari Nermin alikuja mwenyewe. Alikuja kuchanja ng'ombe wa jirani, nikamvuta mkono. Akamgeuzageuza Boran, akambonyeza mbavu. Akatafuta mbavu, hakuzipata. Akaniambia, "Shangazi, huyu mbwa umemjaza." Nikasema, si ndiyo kumlea? Akasema hapana. Mbwa wa aina hii ni wa kukua polepole. Mwili mkubwa, lakini mifupa bado mibichi. Kama nyumba ya matofali ya udongo, ukiharakisha paa kabla ukuta haujakauka, ukuta unapinda. Ndivyo alivyosema.

Tuncay: Nyama ndiyo imemfanya hivyo?

Gülizar: Si nyama tu. Wingi. Mafuta. Kila ninachomwongeza juu. Akasema angempata anakula kwa kipimo, mara tatu kwa siku, sahani ikiondolewa, angekuwa anaruka sasa hivi. Ukimpapasa uzisikie mbavu, hapo ndipo sawa. Na ngazi asipande, ndiyo maana analia huko chini. Na... basi, hayo tu.

Tuncay: Na nini?

Gülizar: Nimesema hayo tu.

Tuncay: Mama, ulisema "na".

Gülizar: Aliuliza kama nampa dawa yoyote. Nikasema simpi.

Tuncay: Ule unga. Wa mifupa. Niliokutumia.

Gülizar: Sikukutaja.

Tuncay: Ulikuwa unampa?

Gülizar: Ulisema kijiko kila siku. Umetoka kwako, nisimpe? Kijiko hakikupita siku. Ulikuwa na harufu nzuri, hata mimi nilitamani.

Tuncay: Daktari anaujua?

Gülizar: Aliuona dirishani. Akasoma maandishi, akatikisa kichwa, akautia mfukoni akaondoka nao. Ana adabu yule binti.

Tuncay: Alisema nini, mama?

Gülizar: Anasema mtoto wa mbwa mkubwa hajui kuikataa ile kalsiamu ya kwenye unga. Ukimpa nyingi, mwili unaibeba yote, mifupa inaharibika. Lakini ulituma kwa wema. Nami nilimpa kwa wema. Wewe na mimi tumemlisha huyu mbwa wema mpaka tumempinda miguu.

Tuncay: Yule kijana wa dukani aliniapia kabisa. "Mbwa mkubwa, mifupa mikubwa." Mimi nikaona, siwezi kuja kumwona, angalau nitume... Atapona?

Gülizar: Anasema bado kuna nafasi. Kwa sababu bado anakua. Akipungua sasa, sasa hivi, miguu inaweza kurudi. Si yote labda, lakini kwa kutembea itamtosha. Nikichelewa, ukuta utakauka ukiwa umepinda. Hapo ni upasuaji wa kumkata mifupa kule mjini, na hata hivyo hakuna ahadi.

Tuncay: Basi umeshampunguzia?

Gülizar: (mtandao unakwaruza) —nitampunguzia.

Tuncay: Utampunguzia lini? Daktari alikuja lini?

Gülizar: Kitambo kidogo.

Tuncay: Mama! Na leo amekula nini?

Gülizar: Nimekuambia alichokula! Mayai, mkate, nyama. Usinipigie kelele, niko juu ya paa.

Tuncay: Daktari amekuambia mbwa anaharibika, wewe unaendelea kumjaza?

Gülizar: Ni wiki chache tu! Mje, Defne amwone, afurahi, halafu mkiondoka nampunguzia. Nimeshapanga.

Tuncay: Defne ameingiaje hapa?

Gülizar: Hukumsikia? Siku ile ya video. Alisema, "Bibi, nikija nataka nimkute mkubwa kama ndama, nimkalie mgongoni." Kwa mdomo wake. Mtoto wangu hajawahi kuniomba kitu maisha yake yote. Nikimpa chokoleti anasema asante, wanazo. Nikimfumia soksi anasema asante, joto huko. Kitu kimoja tu ameniomba, mbwa mkubwa. Nimpunguzie Boran, mtoto aje akute kimbwa cha kujikunjakunja?

Tuncay: Mama, ni maneno ya mtoto. Hata hakumbuki alichosema.

Gülizar: Si umeniambia anamtaja kila siku? Tuncay.

Tuncay: Anamtaja... mara moja moja.

Gülizar: Hata mara moja moja si haba. Na kuna jambo jingine, nikuambie usicheke. Boran akila, nasikia mtu mwingine anakula ndani ya nyumba. Nikikaa mezani peke yangu najisikia ninavyotafuna, tak, tak, kama saa ya ukutani. Yeye akitia kichwa kwenye sahani yake, basi, nyumba ina watu. Nikiona kamaliza, namwongeza. Si yeye anayetaka zaidi, ni mimi.

Tuncay: Mama, mimi sicheki.

Gülizar: Ndiyo nikuambie. Mkija nyinyi atapumzika. Nitakuwa na wa kuwalisha, nitamsahau kabisa. Wiki chache tu, Tuncay.

Tuncay: Mpunguzie leo.

Gülizar: Nimesema mkija—

Tuncay: Leo, mama. Leo jioni. Usimkuze kwa ajili ya Defne.

Gülizar: Kwa nini nisimkuze kwa ajili ya Defne?

Tuncay: Haloo? Mama? Sikusikii, mtandao—

Gülizar: Unanisikia. Mimi nasikia mpaka unavyopumua. Sema.

Tuncay: Mwaka huu, mama... yaani likizo ya kiwandani imekuwa... na Songül na dada zake walishapanga tangu—

Gülizar: Bahari?

Tuncay: Antalya. Siku chache tu.

Gülizar: Mtakuwa nchi hii hii.

Tuncay: Mama, ukihesabu kwenda na kurudi, na Defne basi linamtapisha—

Gülizar: Sikuuliza. Nimesema tu. Mtakuwa nchi hii hii.

Tuncay: Nilitaka kukuambia tangu wiki ile. Na wiki ya kabla yake. Kila nikipiga unanisimulia Boran, nashindwa.

Gülizar: Na mimi kila ukipiga nakusimulia Boran ili usije ukaniambia.

Tuncay: Mama...

Gülizar: Nimeumia, mwanangu. Sitakuficha, ukafikiri mama yako ni jiwe. Mwaka jana nilisema si kitu, mwaka juzi nilisema si kitu. Leo nimeumia.

Tuncay: Nisamehe.

Gülizar: Maji ya bahari ni mazuri kwa kifua cha Defne. Alikuwa anakohoa.

Tuncay: Mama, mwakani, nakuapia—

Gülizar: Usiape kwenye simu. Boran! Nyamaza, nakuja! (mtandao unakwaruza) Unamsikia? Anadhani namtukana yeye.

Tuncay: Utampunguzia?

Gülizar: Nitampunguzia.

Tuncay: Leo?

Gülizar: Leo. Nyama nitampelekea Hatice, ana watu wa kula, akiuliza nitasema inaharibika. Daktari aliniachia kopo la kupimia na mfuko wa chakula chake. Asubuhi kopo, mchana kopo, jioni kopo, sahani inaondoka. Tutatembea polepole mpaka kwenye mto na kurudi, kwenye nyasi, si kwenye mawe. Alisema mbwa hawa wanakua mpaka mwaka wa pili. Basi akue anavyotaka. Hakuna anayemharakisha.

Tuncay: Utamtumia Defne picha? Amesimama hivyo hivyo, na miguu yake.

Gülizar: Mwache aende baharini kwanza. Nisimwekee mbwa kilema kwenye begi.

Tuncay: Mama, naitwa huku. Kuna mwenzangu anataka nimshikie zamu, lazima niondoke—

Gülizar: Si umesema leo Jumapili kiwanda kimekutema?

Tuncay: Kimenimeza tena.

Gülizar: Nenda, nenda. Umekula?

Tuncay: Nitakula huko.

Gülizar: Huko utakula nini, hewa? Songül kakufungia kitu?

Tuncay: Mama, nitakula! Haya, naibusu mikono—

Gülizar: Subiri. Kabla hujakata. Nataka kitu.

Tuncay: Chochote, mama. Sema.

Gülizar: Huko kwenu madukani kuna sufuria ndogo? Huku nimetafuta hata mjini, wanauza za familia tu.

Tuncay: Ndogo ya kiasi gani?

Gülizar: Ya mtu mmoja. Nikipika kwenye hii ya kwetu chakula kinabaki, na kikibaki nitampa Boran, najijua. Tuncay? Unanisikia?

Tuncay: Nakusikia.

Gülizar: Basi mpe yeyote anayekuja huku.